Mkanda wa Mama na Chuma Kilichonolewa Mno

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kumshika mabega yule kijana niliyekuwa na kumtikisa mpaka meno yagongane. Siku ile nilivunja chuma kizuri kwa kukinoa. Sikukiangusha, wala sikukiazima kwa mtu mzembe. Kilikuwa kikali tayari, nami nikaendelea kukinoa.

Nakuita mwanangu ingawa sina mvi za kutosha. Katika kazi hii ya ngozi uzee huja mapema, hasa kwa mtu aliyejifunza peke yake na kulipia kila somo kwa ngozi iliyoharibika. Nakuandikia kwa sababu nimekuona wiki hii umeinama juu ya jiwe la kunolea mpaka uji wako umeota ngozi juu. Nikajiona mimi mwenyewe. Sikupenda nilichokiona.

Basi kaa. Uache huo mkono upumzike, nikueleze tangu mwanzo.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi wa Uvira waliondoka kwa haraka, na mmoja wao alikuwa na karakana ya viatu na mikoba karibu na bandari. Mimi nilikuwa nafagia pale. Hakunifundisha kitu, maana alifanya kazi akiwa amenipa mgongo, na nilichokijua cha kazi yake ni mabega yake tu. Siku ya kuondoka alinisukumia bati la biskuti kwa mguu, akasema chukua. Ndani mlikuwa na sindano, nta, na vyuma vitatu vyenye mipini ya mti ambavyo sikujua vinafanya nini.

Wewe unavijua sasa. Ni kile chuma kifupi ambacho mdomo wake umepasuka kama kwato ya mbuzi. Ukali wake hauko kwenye vile vidole viwili, uko katikati yao, ndani, mahali jicho la haraka halifiki. Ukikisukuma juu ya ukingo wa mkanda, kinaondoa ile kona kali na kuacha ukingo wa mviringo. Sisi tulikiita chuma cha kona, na mpaka leo sijapata jina bora.

Kila kimoja kilikuwa kimepigwa muhuri wa namba. Kimoja kilikuwa na moja, kingine tatu, kingine tano. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni, na kichwani mwangu namba zilikuwa na maana moja tu. Anayepata tano ni bora kuliko anayepata moja. Nikachukua namba tano, nikakifuta kwa mafuta, nikakiweka juu ya vyote kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Namba moja nilikihurumia. Nilitaka hata kukigawa.

Cheka. Na mimi ningecheka, kama si yale yaliyofuata.

Unajua wanawake wa kwetu wanavyobeba. Mzigo uko mgongoni, mkanda unapita chini ya mzigo na kuja mbele kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayofanya kazi ya punda. Mama zetu walitumia kamba za magome na za mgomba. Mimi nikaona nitengeneze mkanda mpana wa ngozi ya ng'ombe wa Rurambo kule mlimani, laini, wa kukaa kwenye paji bila kulikata. Lilikuwa wazo zuri, hilo sijilaumu. Lakini mkanda wa ngozi ambao kona zake hazijaondolewa unakula ngozi ya mtu kama panya anavyokula sabuni, kidogo kidogo, pembeni. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kona. Ukikosea hapo, ni afadhali mtu abaki na kamba ya mgomba.

Mkanda wangu wa kwanza nilimtengenezea mama mmoja wa Katogota, kwa ngozi nyembamba ya tumbo la ng'ombe, nikatumia namba tano changu kitukufu. Namba kubwa maana yake mdomo mkubwa, mwanangu. Kinang'ata sana. Kwenye ngozi nene ya mgongo kinafaa. Kwenye ngozi nyembamba kiliondoa kona ya juu, nikageuza, kikaondoa kona ya chini, na kati ya hizo mbili kukabaki kitu kama karatasi. Mimi nikaona ukingo mwembamba, laini, nikafurahi.

Yule mama alirudi siku ya soko la Mulongwe, watu wamejaa.

"Ni weye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Fundi ya kitu gani?"

Watu wakaanza kugeuka. Akainua mkanda juu, umekatika, umejisokota.

"Muangalie! Hii ni mukanda ao ni utumbo ya kuku? Nilibeba mihogo, ikakatika mu njia, mihogo yote mu matope. Bwana yangu anacheka mupaka leo!"

Muuza chumvi wa jirani akajaribu kunitetea. "Mama, umuhurumie, ni mutoto ya shule."

"Basi arudie ku shule!"

Nilitamani mto upande unifunike. Lakini nilijifunza la kwanza, na nakupa bure. Namba ya chuma si sifa, ni kipimo cha mdomo. Weka chuma kando ya ukingo wa ngozi, utazame. Mdomo ukifika nusu ya unene wa ngozi, ni mkubwa mno, urudishe. Kona unaiondoa, huondoi mkanda. Siku ile nikakiomba radhi namba moja.

Ungedhani hapo nilipona. Ole wangu, sikupona. Nilitoka kwenye ugonjwa wa kujiamini nikaingia kwenye ugonjwa wa hofu, na huu wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unafanana na bidii. Watu wanakusifu. "Ona kijana yule anavyojali kazi yake." Kumbe huyo kijana halali kwa ajili ya ukingo wa mkanda.

Nikaanza kunoa. Mwanzoni nilinoa kama mjinga, kwenye jiwe la mapanga pale mtoni, nikisugua vile vidole kwa nje mpaka vikang'aa. Ukali haukuja, kwa sababu ukali hauko pale, nimekwisha kukuambia. Nilichofanya ni kuvikondesha vidole. Baadaye, kwa kukosea na kukosea tena, nikapata njia. Kupotea njia ndiko kujua njia. Nilichukua uzi mnene wa katani, nikaupaka mafuta na vumbi laini la tofali, nikaufunga kwenye msumari ukutani, nikaupitisha kati ya vidole vya chuma na kukivuta kuelekea kwangu. Kuvuta tu, bila kusukuma. Kisha tumbo la chuma unalilaza kwenye jiwe laini, unalipitisha kidogo kuondoa vile vinyuzi vya chuma vilivyojikunja. Basi. Unakijaribu kwenye kipande cha ngozi ileile utakayofanyia kazi. Uzi wa ngozi ukitoka mrefu bila kukatika, kama ganda la kiazi kwa mpishi hodari, chuma ni kikali. Ukitoka vipande vipande, bado. Chuma kikizama ndani ya ngozi, usikilaumu, shusha mkono wako, umekiinua mno. Na ngozi ikijikunja mbele yake, umeilowesha kupita kiasi, iache ikauke.

Niliyajua hayo yote, ndiyo maana hasira haziniishi. Nilijua chuma kikali kinafananaje, nacho kilikuwa kikali, na bado nilisema "kidogo tena". Mchagua jembe si mkulima, walisema waliotutangulia. Mimi niliishachagua jembe, nikabaki kulipiga pasi.

Ikaja miaka ya maasi. Sitakusimulia siasa yake, sikuielewa wakati ule na sasa naielewa kidogo zaidi tu. Kwetu Mulongwe ilikuwa hivi: leo watu hawa wenye bunduki wanapita, kesho wale, na kila wanaopita wanauliza kwa nini uliwasalimia wengine. Mama alikwisha kuamua kwamba mambo yakichacha tutapanda Rurambo kwa ndugu zake. Aliniomba mkanda mapema.

"Unitengenezee moja ya nguvu," alisema. "Mulima ile haiko ya kuchezea."

Nikakata ngozi ya mgongo, safi, iliyoiva vizuri, isiyo na kovu la kupe hata moja. Nikaishona miisho. Zikabaki kona tu. Na kwa kuwa ulikuwa wa mama yangu, mwanangu, nilitaka kona zile ziwe kama hazijawahi kuwepo. Nikasema nitanoa namba tano kwanza. Nikanoa. Nikajaribu kwenye kipande, uzi ukatoka mrefu. Nikatazama uzi nikaona kama una mkwaruzo. Nikanoa tena. Kesho yake hivyo. Mama akipita ananitazama.

Asubuhi moja milio ikaanza upande wa uwanda wa Ruzizi. Mara ya kwanza unaweza kudhani ni watu wanatwanga. Majirani wakaanza kutoka na magodoro. Mama alikuwa amefunga mzigo: unga wa mihogo, sufuria, blanketi, na kifuko cha mbegu za maharagwe ambazo alikuwa amezichagua moja moja kwa ajili ya msimu. Alikuja akasimama juu yangu.

"Mukanda yangu iko wapi?"

"Nanoa chuma, mama. Inabakia kidogo."

"Kidogo ya juzi ao kidogo ya leo?"

Nyuma yake alikuwa dada yake mkubwa, tuliyemwita Mama Mukubwa, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Mzigo wake ulikuwa mgongoni tayari.

"Bantu banakimbia, weye unanoa! Unaenda kunyoa nani?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa methali. "Haraka haraka haina baraka, Mama Mukubwa."

"Na ngoja ngoja inaumiza matumbo! Miye pia nilikaaka ku shule ya masista. Inuka!"

Nikasema nakuja. Nikaona nivute mara ya mwisho, na kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, nikaivuta kwa nguvu. Kidole kimoja cha chuma, kile nilichokuwa nimekikondesha miezi yote ile, kikakatika. Kilitoa sauti ndogo sana. Nilibaki nimekishika mkononi kama mtu aliyeshika jino lake.

Sikiliza sasa, hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Mkanda ulikuwepo. Ulikuwa mzima, una nguvu, umeshonwa. Namba moja na namba tatu vilikuwepo pia ndani ya bati, lakini sikuvikumbuka hata. Ningeweza kumpa mama mkanda ule vilevile na kona zake. Badala yake nikauviringa, nikauweka chini kabisa ya mfuko wangu, chini ya shati, nikamwambia mama, "Haujaisha."

Utaniuliza kwa nini. Hata mimi nimejiuliza. Nilikuwa na aibu ya kona. Niliona barabara nzima itamtazama mama na mkanda wenye kona kali, na watu waseme, ona kazi ya mtoto wake. Kana kwamba mtu anayekimbia risasi ana nafasi ya kukagua kingo za ngozi!

 Mama alikwenda nyuma ya nyumba akafungua kamba ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikwisha kuchukuliwa na watu wenye bunduki, wa upande gani sikumbuki, wakati ule pande zote zilipenda nyama. Kamba ilikuwa ya katani, nyembamba, ngumu kwa mkojo na jua. Akaifunga kwenye mzigo, akaiweka kwenye paji lake, tukaondoka.

Wewe umepanda mlima ule bila mzigo na ukalalamika. Mimi nilikuwa nyuma ya mama njia nzima, na mfuko wangu begani. Nilimwona akiisogeza kamba juu, kisha chini. Akaweka kitambaa, kitambaa kikateleza na jasho. Akakiweka tena, kikateleza. Mbele kidogo hakukiweka tena. Kila tulipozunguka kona ya njia nilimwona uso wake kwa ubavu, na niliona mstari mwekundu unashuka karibu na sikio. Na kila mara nilijiambia, tukifika tu, tukifika nitapata jiwe, nitanoa namba tatu, nitamaliza.

Kwenye kijito kimoja mama alishusha mzigo. Akapumua. Kisha akafungua, akatoa kile kifuko cha mbegu, akakiingiza chini ya majani ya kando ya njia ili mzigo upungue.

"Tutarudia kukikamata," alisema.

 Sote tulijua hatutakikuta tena.

Ni hapo Mama Mukubwa alipotaka chumvi ya kulamba, nayo ilikuwa kwenye mfuko wangu. Sikuwahi kumzuia. Akaingiza mkono, akatoa shati, akatoa mkanda. Ukafunguka mkononi mwake, mpana, mzuri, unanukia mafuta.

"Hii ni kitu gani?"

"Ni mukanda ya mama," nikasema. "Haijaisha. Kona..."

Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, huku na huku. Nilingoja apige kelele. Afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, ambayo sikujua kama anayo.

"Kona iko. Ni kweli. Na kamba ya mbuzi, haina kona?"

Akaushika mkanda mbele ya macho yangu.

"Weye unapenda mukanda kuliko kichwa yenye itauvaa."

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, anajifuta paji kwa maji ya kijito. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alinyoosha mkono tu. "Nipe."

Akaufunga kwenye mzigo, akauvaa, akasimama. Tukapanda. Baada ya muda mrefu akasema, bila kugeuka, "Inauma kidogo huku kushoto." Halafu akaongeza, "Kidogo tu, baba," akiniita jina ambalo akina mama huwaita watoto wao wa kiume wanapotaka kuwafariji. Kona za mkanda wangu, ambazo zilikuwa zimeninyima usingizi na kutupotezea mbegu zetu, ziliuma kidogo tu.

Kesho yake nilishuka mpaka kijitoni. Kifuko hakikuwepo. Ama mtu alizipanda, ama mtu alizila. Namwombea aliyezipata. Lakini msimu ule sisi tulipanda mbegu za kuomba, moja nyeusi, moja nyekundu, na zilizotoboka.

Kule Rurambo sikuwa na jiwe langu wala msumari wangu. Nilikuwa na bati la biskuti, na ndani yake namba moja na namba tatu. Mama alivaa mkanda, akaweka kidole mahali panapouma, nami nikapitisha namba tatu hapo. Akavaa tena. Akaonyesha pengine. Nikapitisha. Nikataka kupitisha mahali ambapo hakupaonyesha, kwa ajili ya uzuri, akanipiga mkono.

"Huko hapaumi. Acha."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, mwanangu. Mwalimu alikuwa paji la uso lenye kidonda. Kidonda kilipona kikaacha kovu, mstari mwembamba kutoka juu ya jicho hadi karibu na sikio. Umemwona mama, ulidhani labda ni chale za zamani. Ni kazi yangu. Ndiyo kazi yangu ya pekee ambayo haiwezi kurekebishwa.

Kwa hiyo nakuambia, na usinifanye nirudie. Chagua chuma kwa unene wa ngozi, usichague kwa ukubwa wa moyo wako. Noa ndani ya mdomo, achana na vidole. Uzi wa ngozi ukitoka mrefu mara moja, simama. Weka jiwe mbali, mahali ambapo utalazimika kuinuka ili kulifikia, maana uvivu nao una faida yake. Mtu akivaa kazi yako, muulize inauma wapi, na uondoe hapo tu. Na siku mtu anapokihitaji kitu, mpe kilivyo. Aibu yako ni mzigo wako, ubebe mwenyewe, usiupandishe kwenye kichwa cha mama wa mtu.

Najua utasema ndiyo halafu utarudi kwenye jiwe. Nakujua, nilikuwa wewe. Hata sasa, ninapoandika haya, mkono unaniwasha.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na macho yanayojua kutosheka. Wabebao kwa mikanda yako wafike kabla ya mvua, na wakishusha mzigo, mapaji yao yawe makavu. Na mbegu zako zisilale kando ya njia.

Mimi bado sijawa fundi niliyetaka kuwa. Chuma changu siku hizi hakinyoi hata unywele wa mkono, na kingo zangu ukizitazama karibu na dirisha utaona mikwaruzo. Ila mtu akija kuchukua mkanda wake, ninampa.